Damu ya Panya Dume

Omaido alijulikana kwa mikono yake kabla ya kujulikana kwa jambo lingine lolote. Baba yake, mzee Ikiring, alikuwa mhasi wa mafahali, na kutoka Tororo mpaka Nagongera, kwa Iteso na kwa Wapadhola, hapakuwa na mwenye ng'ombe wa plau ambaye hakuwahi kumwita. Kazi ile haina mzaha. Fahali akihasiwa vibaya huvimba, hutunga usaha, na mwenyewe hubaki akitazama plau limelala chini huku mvua inampita. Macho ya mzee yalipoanza kufifia, kisu kikaingia mkononi mwa Omaido, na ng'ombe hawakuona tofauti. Wapo waliosema, mzee asisikie, kwamba mtoto kampita baba.

Sifa hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye panya.

Mwaka 1955 palikuwa na maabara ndogo kando ya barabara iendayo Busia, majengo matatu ya mabati yaliyopakwa chokaa, ambamo zilichunguzwa sumu za kuulia wadudu wa pamba. Mkuu wake alikuwa Mwingereza mmoja, Daktari Raikes, mrefu, mwenye shingo nyekundu na haraka nyingi. Karani na mkalimani wake aliitwa Egau, na huyo Egau alikuwa ndugu wa Omaido upande wa mama. Siku moja Egau alikuja nyumbani kwa baiskeli akasema, "Ndugu yangu, mzungu wetu anahasi panya, na panya wanamfia. Kumi na wanne wamekwisha. Njoo umwonyeshe."

Omaido alidhani anataniwa. Alikwenda hata hivyo.

"Wewe nakata ng'ombe?" Daktari alimuuliza kwa Kiswahili chake cha jikoni.

"Ndiyo, bwana."

"Hii ndogo sana."

"Ng'ombe na panya ni kitu kimoja, bwana. Tofauti ni kisu."

Alipewa wembe, uzi wa kushonea na pamba iliyolowa dawa ya usingizi. Panya wa kwanza aliponing'inizwa kwa mkia, korodani zake ziliingia tumboni, zikapotea. Hapo ndipo Daktari alipokuwa akikosea, akipasua huku na huku kutafuta. Omaido alimlaza chali, akamwacha atulie, kisha akambonyeza tumbo kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayebembeleza usaha utoke. Zikashuka. Kufumba na kufumbua kazi ilikuwa imekwisha na kidonda kimeshonwa. Kufikia jioni alikuwa amehasi panya kumi na wawili, na kesho yake wote kumi na wawili walikuwa wanakula. Daktari alimwajiri siku ileile.

Nyumbani habari haikupokelewa kwa heshima.

"Baba Adeke," mkewe Alupo alimwambia, "sokoni wananiuliza kama ni kweli umeacha mafahali ukaenda kuhasi panya. Niwajibu nini?"

"Wajibu ni kweli."

"Na panya akishahasiwa anavuta plau gani?"

Alicheka naye, lakini alimweleza vilevile, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa limemwingia moyoni. Kwenye damu kuna kitu, alisema, wazungu wanakiita kimeng'enya. Sumu ya wadudu wa pamba huua kwa kukifunga kitu hicho. Watu wanaopuliza sumu mashambani watapimwa damu, ijulikane nani ameanza kudhurika. Lakini Daktari ameona kwamba hata kabla ya sumu damu za panya hazifanani. Ukichanganya maji ya damu ya jike na dawa fulani, kimeng'enya huikata dawa ile na kutoa uchachu kama wa siki, na uchachu huyageuza maji ya buluu kuwa ya manjano. Damu ya jike hugeuza upesi. Ya dume hukawia.

"Na wale unaowahasi?"

"Baada ya wiki tatu damu yao inakimbia kama ya jike. Ukiwadunga homoni ya kiume iliyotiwa kwenye mafuta, inarudi kukawia."

Alupo alifikiri kidogo. "Hata maksai anajulikana. Hapigani, ananenepa."

"Anajulikana kwa nje," Omaido alisema. "Ndani ya damu hakuna aliyewahi kutazama."

Alifanya kazi ile miaka miwili bila kuchoka. Asubuhi alifagia, akabadilisha maranda ya mbao kwenye vizimba, akatoa tone la damu kwenye ncha ya kila mkia, akasimama mbele ya saa ya ukutani akitazama vichupa vinavyogeuka rangi. Egau alimfundisha tarakimu na maneno machache ya Kiingereza: dume, jike, amekufa, amezaa. Kila alichokiona alikiandika kwenye daftari la siku. Hakuwahi kuandika asichokiona, na wala hakujua kwamba mtu anaweza kufanya hivyo.

Maneno yalianza mwaka 1957. Daktari alipata wazo kwamba hakuna haja ya kungoja wiki tatu. Dume mzima, asiyehasiwa, akidungwa homoni ya kike, damu yake itageuka kwa siku tatu tu. Wazo hilo alilipenda kama mtu anavyopenda mtoto wa uzeeni. Walijaribu mara ya kwanza: siku ya tatu, damu ya madume ikakawia vilevile. Mara ya pili, ikakawia. Daktari aliacha kusalimia watu asubuhi. Kulikuwa na mkutano wa wataalamu Nairobi, Egau alisema, na jina la Daktari lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye orodha ya wasemaji.

Wakati wanaandaa mara ya tatu, mzee Ikiring akafariki. Omaido aliomba ruhusa, akaenda kumzika baba yake, akakaa matangani siku sita. Aliporudi, akiwa amenyolewa kichwa, alimkuta Daktari anapiga mluzi.

"Omaido, kazi kwisha," alisema. "Siku tatu. Manjano, upesi sana. Tazama."

Omaido alisoma nyakati zilizoandikwa kwenye daftari kwa mkono wa Daktari. Kweli, damu ya kizimba cha sita, cha madume waliodungwa homoni, ilikuwa imekimbia kama farasi. Akaenda kubadilisha maranda. Alimwinua panya wa kwanza wa kizimba cha sita, akamgeuza, akamrudisha. Akamwinua wa pili. Alipofika wa nane alikaa chini kwenye kigoda.

Alijua kilichotokea bila kuambiwa. Yeye hakuwapo, na Daktari, kwa haraka yake, aliwatoa panya mwenyewe kwenye chumba cha kuzalishia, akawanyanyua kwa mkia. Dume aliyenyanyuliwa kwa mkia huficha korodani, kwa hiyo Daktari alipoona hapana kitu, alidhani zimejificha.

Alimfuata ofisini.

"Bwana, kizimba cha sita ni majike. Wote wanane."

Daktari aliacha kuandika. Akaenda kizimbani mwenyewe, akamgeuza mmoja, akamgeuza mwingine. Shingo yake ilizidi kuwa nyekundu. Omaido alingoja aseme basi, tuanze upya. Lingekuwa jambo dogo. Panya walikuwapo, mafuta yalikuwapo.

"Wewe nakosa," Daktari alisema. "Hii dume. Homoni nafanya yeye kama jike. Ndiyo kazi ya homoni."

"Bwana, homoni haiwezi kumpa..."

"Wewe si daktari. Rudi kazini."

Omaido alirudi kazini. Lakini kwenye daftari la siku aliandika tarehe, akaandika kizimba cha sita, akaandika majike wanane. Ndicho alichokuwa amekiona.

Daktari alikwenda Nairobi, akasema, akapigiwa makofi. Makala yakatumwa Uingereza. Wiki moja baada ya kurudi kwake, asubuhi, Omaido alifungua mlango wa chumba cha panya akasikia sauti nyembamba kama za vifaranga. Kizimba cha sita kilikuwa kimezaa. Majike watano kati ya wale wanane walikuwa na mimba tangu walipotolewa kwenye chumba cha kuzalishia, na sasa vilikuwapo vitoto zaidi ya arobaini, vyekundu, havina manyoya, vimelundikana kwenye maranda.

Alimwita Daktari.

Daktari alisimama pale mlangoni. Egau naye alikuja, akachungulia juu ya bega lake, akarudi nyuma.

"Ua," Daktari alisema.

"Wote, bwana?"

"Wote. Kubwa na ndogo. Halafu choma."

Omaido aliwaua. Alikuwa ameua panya wengi kwa ajili ya kazi na hakuwahi kuliona kuwa dhambi, lakini siku hiyo mikono yake ilikuwa mizito, na majike waliuma vidole vyake kwa sababu walikuwa wananyonyesha. Moshi ulipokuwa unapanda nyuma ya jengo, Daktari alichukua daftari la siku ofisini. Liliporudi, ukurasa mmoja haukuwamo. Ulikuwa umekatwa kwa wembe, safi, kando kabisa ya mshono.

"Umeona?" Omaido alimuuliza Egau.

"Mimi ni karani," Egau alijibu. "Karani huona anachopewa kuandika."

Ukapita mwaka. Mwishoni mwa 1958 ikaja barua, kisha akaja mwenye barua: mwanamke wa makamo, mtaalamu kutoka Uingereza, Bibi Garrow. Alikuwa amejaribu kazi ya Daktari kule kwao mara nne. Mambo ya waliohasiwa yalitoka sawasawa na yalivyoandikwa, hata dakika. Yale ya siku tatu hayakutoka hata mara moja. Amekuja kuuliza kwa nini.

Walikuwa wanne kwenye chumba cha vichupa: Daktari, Bibi Garrow, Egau, na Omaido amesimama. Daktari alizungumza kwa muda mrefu. Omaido alishika maneno mawili matatu, dume, jike, na jina lake mwenyewe. Kisha Egau, akitazama meza, akamweleza kwa Kiteso.

"Anasema huenda panya walichanganywa. Anasema mwenye kuchagua panya ni wewe, na kwamba mara nyingine humjui dume na jike."

Omaido hakuelewa mara moja. Alidhani Egau amekosea kufasiri. Alimtazama Daktari, na Daktari akatazama dirishani, ndipo akajua kwamba mara hii Egau alikuwa amefasiri neno kwa neno.

Bibi Garrow alimgeukia Omaido akauliza swali. "Anataka kujua nini kilitokea kizimba cha sita," Egau alisema.

"Mwambie sikuwapo. Nilikuwa namzika baba. Niliporudi nikakuta majike wanane, nikamwambia Daktari, nikaandika. Wakazaa. Wewe uliona. Akaniamuru niwaue."

Egau alifungua kinywa, akasema maneno machache sana.

Omaido hakujua Kiingereza kingi, lakini neno la kuomba radhi alilijua. Ndilo neno la kwanza analofundishwa mtumishi wa mzungu. Alilisikia likitoka kinywani mwa ndugu yake, limesemwa kwa niaba yake.

"Siombi radhi," alisema mwenyewe, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kikitoka neno moja moja kama mtu anayetoa miiba. "Namba sita, jike. Jike nane. Amezaa. Watoto wengi. Bwana anasema, ua."

Bibi Garrow aliomba daftari. Alilifungua, akapekua mpaka mwezi ule, akapitisha kidole kwenye mshono mahali ukurasa ulipokatwa. Aliinuka, akaenda chumba cha kuzalishia, akarudi na vitoto tisa vya panya vya siku mbili kwenye sahani. Kumtambua dume wa siku mbili si mchezo. Hana alama ila nafasi ndogo tu kati ya tundu mbili, ya mkojo na ya haja kubwa; kwa dume ni pana kidogo, kwa jike ni finyu. Aliiweka sahani mbele ya Omaido, akaashiria kwa mikono: huku na huku.

Omaido hakuketi. Alivichukua kimoja kimoja, akavitazama dhidi ya mwanga, akaviweka: vitano kulia, vinne kushoto. Mama yule alivipasua vyote tisa chini ya darubini, akichukua muda wake. Alipoinua kichwa, alimwangalia Daktari kwanza, ndipo akamwangalia Omaido, akatikisa kichwa kukubali. Alimpa mkono. Omaido aliishika ile ngozi baridi yenye harufu ya dawa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya moshi akapumua hadi chini ya mbavu.

Kisha Bibi Garrow na Daktari waliingia ofisini, wakafunga mlango, wakakaa humo mpaka saa ya chakula. Bibi alipotoka alipanda gari moja kwa moja. Hakugeuka.

Miezi miwili baadaye Daktari alipandishwa cheo, akahamishiwa mahali pakubwa zaidi. Kabla Daktari hajaondoka, Egau alimletea Omaido bahasha iliyofungwa kwa gundi.

"Kazi yako imekwisha," alisema. "Hii ni barua ya ushahidi kutoka kwa Daktari, umpe utakayemwomba kazi. Usiifungue, itaharibika."

"Imeandikwa nini?"

"Ya kawaida. Miaka uliyofanya."

Omaido alikwenda Busia, kwenye mnada wa ng'ombe, ambako alisikia wanatafuta mtu anayejua mifugo. Karani wa pale aliitwa Ojiambo, Msamia mcheshi mwenye sauti ya kuita watu. Aliifungua bahasha mbele ya wauzaji na madalali waliokuwa wameegemea uzio. Akasoma kimyakimya, kisha akasoma tena kwa sauti, akifasiri, kwa sababu aliona ni jambo la kuchekesha na hakuwa na nia mbaya.

"Inasema ni mtu mtiifu, hanywi, anakuja mapema. Inasema ameachishwa kazi kwa sababu hawezi kutofautisha mnyama dume na jike."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. "Anataka kazi kwa ng'ombe," mmoja alisema. "Atakamua fahali huyu."

Omaido aliichukua barua yake, akaikunja, akaondoka. Lakini maneno ya mnadani hayana uzio. Kabla ya Jumapili yalikuwa yamefika Nagongera, na kabla ya mvua kuanza hapakuwa na mtu aliyempelekea fahali. Hata waliojua kwamba ni uongo hawakutaka kuchekwa. Alupo alitukanwa kisimani, akarudi na mtungi mtupu, akakaa mlangoni.

"Nilikuwa nawajibu ni kweli," alisema. "Sasa niwajibu nini?"

Mumewe alianza kufunga mzigo wake.

Alikwenda Tiira, kwenye mashimo ya dhahabu, ambako haulizwi barua. Huko alichimba na kuosha udongo, amesimama kwenye maji ya matope mpaka magoti, na vidole vyake vilivyokuwa vikishona ngozi ya panya vikakakamaa na kupasuka kwenye viungo. Alifanya hivyo miaka miwili.

Egau alimfuata huko mwaka 1961, kwa baiskeli ileile, ameshika kofia mkononi. Hakukaribishwa kiti kwa kuwa hakukuwa na kiti. Alisema kwanza juu ya hali ya hewa, kisha juu ya uhuru unaokuja, mwisho akatoa karatasi.

"Bibi Garrow ameandika. Makala ya siku tatu yalifutwa tangu zamani. Waliandika kwamba kosa lilikuwa la mtumishi Mwafrika. Bibi mwenyewe alitia sahihi."

"Alijua."

"Alijua. Ndugu yangu, nami nilijua. Nilikuwa na watoto saba."

"Mimi nilikuwa na wangapi?"

Egau akaendelea kuisoma barua, kwa sauti ya chini. Kazi ya panya waliohasiwa, Bibi Garrow aliandika, imesimama imara na inatumiwa kila mahali, ameiendeleza. Lakini madume wake wanakufa wengi mno kwenye kuhasi, na vitoto vya siku mbili vinampotosha. Anaomba yule mtumishi aeleze jinsi alivyokuwa akifanya.

Omaido alitoka shimoni, akaketi kwenye lundo la kokoto. Matope yalikauka kwenye miguu yake. Egau alidhani atamfukuza, na kusema kweli alikuwa amekuja tayari kufukuzwa.

"Andika," Omaido alisema.

Akaeleza yote. Jinsi ya kumlaza panya chali, na kwa nini asining'inizwe. Kidole kipi, na uzito gani. Uzi ufungwe wapi. Jinsi ya kukishika kitoto dhidi ya mwanga wa asubuhi na si wa adhuhuri, kwa kuwa mwanga wa adhuhuri hufuta kivuli. Alieleza kwa uangalifu, akirudia pale Egau aliposhindwa, akiuliza neno limeandikwaje. Karatasi ya kwanza ilijaa, ya pili ikajaa.

"Sasa andika jina langu," alisema. "Omaido, mwana wa Ikiring. Mwambie nimempa njia yote, sijaficha kitu. Mwambie atakapoandika kitabuni kwao, aliandike jina hilo. Na aandike kwamba nilijua dume na jike. Si lazima amtaje Daktari."

Egau aliandika. Safari hii alimsomea kila neno alilofasiri, na Omaido alisikiliza akifuata kwa kidole, mpaka akaridhika kwamba neno la kuomba radhi halimo.

Barua ilitumwa kutoka posta ya Tororo. Omaido alingoja mvua za masika, akangoja za vuli. Uhuru ukaja, bendera ikabadilishwa, maabara ikafungwa, mabati yake yakaezuliwa. Kila Egau alipopita Tiira alitikisa kichwa akiwa bado mbali, ili Omaido asipate taabu ya kutoka shimoni kumuuliza. Mwisho akaacha kupita.